Majivu ya Kona ya Pili

Jumapili, 3 Aprili 1994. Pasaka.

Mwenyekiti wa Iskra, klabu yetu ya mbio za pikipiki, alikuja baada ya misa, akaketi bila kuvua koti, akaniomba niandike historia ya klabu, ambayo mwaka huu inatimiza miaka arobaini na mitano. Nilimwuliza kwa nini amekuja kwa mwalimu mstaafu wa lugha na Kilatini, asiende kwa mtu wa gazeti.

"Mtu wa gazeti ataandika haraka, Mwalimu. Wewe utaandika sawasawa."

Kisha akanieleza jambo ambalo mjini Dobrawa linasemwa kwa sauti ya chini. Iskra ikishuka daraja msimu huu, manispaa itaukodisha uwanja kwa wachuuzi, na pale tunapotazama mbio patauzwa sufuria na viatu. "Tukibaki, utakuwa umeandika historia," alisema. "Tukishuka, utakuwa umeandika tanzia."

Nimekubali. Yaliyopita nitayaweka kitabuni, na ya msimu huu nitayaweka humu, ili nisiyachanganye.

Dada yangu Otylia, ambaye naishi naye tangu alipofiwa na mumewe, alicheka mpaka akaweka bakuli la mayai chini. "Kaka, maisha yako yote unakaa uwanjani umefunga tai kama uko mazikoni. Sasa ndiyo watakulipa kwa kukaa?"

Nilimweleza kwamba silipwi. Alicheka zaidi.

Jumatatu, 4 Aprili

Jumatatu ya maji, siku ya kumwagiana maji baada ya Pasaka. Watoto wa ghorofa ya chini walinivizia ngazini, wakanimwagia ndoo nzima, wakanitakia heri ya sikukuu kwa adabu. Nilibadili shati, nikaenda kuona mazoezi ya kwanza.

Kabla ya mazoezi, kama kila mwaka, wapandaji wote walizunguka njia mara moja polepole. Walipofika kona ya pili walizima injini, wakashuka, wakazisukuma pikipiki kwa miguu mpaka kona ikaisha. Hapo ndipo alipoanguka Wit Czapla mwaka 1961, na hakuinuka. Hakuna anayewaamuru kufanya hivyo.

Baada ya hapo adabu iliisha. Nahodha, Gracjan Smolik, aliupiga udongo kwa kisigino akapaza sauti uwanja mzima.

"Alojzy! Hii ni njia ya mbio au meza ya bibi harusi? Mwaga maji, baba!"

Alojzy Pyrka, mtunza njia, alisimamisha trekta. "Nimemwaga tangu asubuhi."

"Leo hata watoto wa chekechea wamemwaga kuliko wewe."

Nilimfundisha Gracjan, na mwaka mmoja nilimrudisha darasa. Sasa ana miaka thelathini na minane. Hutafuna mbegu za alizeti na kutema maganda popote aliposimama. Ndiye mpandaji bora tuliye naye, nami simpendi.

Jumamosi, 16 Aprili

Ukurasa wa kwanza wa kitabu umekamilika. Naunakili hapa:

"Wapandaji wanne, wawili wa kila timu, huzunguka mara nne, daima wakipinda kushoto. Pikipiki haina breki. Kwenye kona mpandaji huilaza ubavu na kuburuza mguu wa kushoto, uliovikwa kiatu cha chuma. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na wa mwisho hapati kitu. Raundi ni kumi na tano. Njia ya kwanza ya Dobrawa ilitandazwa majivu magumu ya makaa, na ingawa siku hizi ni udongo na kokoto za kusagwa, mji mzima bado huiita majivu."

Otylia alisoma, akaurudisha. "Harufu iko wapi?"

Alisema kweli. Nimeongeza harufu ya mafuta ya mbarika yanayoungua ndani ya injini, ambayo mtu wa Dobrawa akiinusa hata kwenye ndoto huamka akidhani ni Jumapili.

Jumapili, 17 Aprili

Tumeshindwa ugenini.

Jumapili, 24 Aprili

Tumeshindwa nyumbani. Gracjan alipata pointi kumi na mbili, na wenzake kwa jumla hawakufanya cha kutajwa.

Jumanne, 3 Mei

Sikukuu. Mvua nyepesi. Nilimwomba Otylia anisimulie mwaka 1949, maana yeye alikuwa na miaka kumi na mitano na aliona kwa chini mambo ambayo mimi, mwalimu mpya mwenye kola ya wanga, niliyaona kwa juu.

"Tangazo lilisema hivi: ndoo moja ya majivu, kiingilio kimoja. Basi sote tulikwenda kwenye karakana ya treni. Fundi wa treni alikuwa anatufukuza kwa koleo. Siku ya tatu akachoka, akaanza kutujazia mwenyewe. Mama aliuliza ndoo yake ya kufulia imekwenda wapi. Nikamwambia, mama, ndoo yako iko kona ya tatu."

"Ilikuwa kona ya tatu kweli?"

"Kaka, wewe andika ya tatu. Mama amekufa, hatapinga."

Nimeandika kwamba ndoo ilitumika. Kona sikuitaja.

Jumapili, 8 Mei

Tumeshinda, kwa mara ya kwanza, na nimeanza kuelewa ugonjwa wetu.

Njia ya majivu yaweza kuwa nzito au ngumu. Ukiilima kwa reki ya trekta na kuinywesha maji, huwa nzito, na tairi la nyuma linauma udongo kama jino. Hapo hushinda mtu mwenye nguvu, anayekwenda karibu na ubao wa uzio wa nje na kuirusha pikipiki. Ukiishindilia na kuiacha ikauke, huwa ngumu, na hushinda mtu mwepesi anayeondoka vizuri utepe wa kuanzia mbio unapofunguka. Gracjan ni mtu wa njia nzito. Wengine wote ni wa njia ngumu, na hasa Norbert Lasota, kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba kama mpini wa reki, ambaye kwenye udongo mkavu sijaona mfano wake tangu siku za Wit.

Leo mpira wa maji ulipasuka, Alojzy hakuweza kumwagilia, na tulishinda. Gracjan alipata pointi tano, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 26 Mei

Nimekamilisha jedwali la pointi za wapandaji wote tangu mwanzo. Wa kwanza ni Wit Czapla. Wa pili ni Gracjan Smolik, na pengo ni dogo kiasi kwamba akiendelea hivi atamfikia Wit kabla ya msimu kwisha. Huu ni msimu wake wa mwisho, magoti yake yameshakataa.

Nilimwambia. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameacha kutafuna.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nimejumlisha mara mbili."

"Baba yangu alinibeba begani kumwona Wit," alisema. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaongeza, "Alojzy! Maji!"

Jumapili, 12 Juni

Leo tulipaswa kukimbia na majirani zetu wa Modrzyn. Naandika kwa utulivu, kwa sababu mjini hakuna mwingine mwenye utulivu.

Jana Gracjan alimshawishi Alojzy kuiandaa njia kuliko siku zote. Walilima, wakamwaga, wakalima tena, wakamwaga tena. Leo kabla ya misa mpira ulikuwa bado unatiririka. Redio ilikuwa imesema kutakuwa na jua. Hata mimi nilitoka bila mwavuli, jambo ambalo si kawaida yangu.

Saa sita mchana mbingu ilifunguka kwa muda mfupi tu, kama mtu aliyemimina beseni na kwenda zake. Jua likarudi. Njia ya kawaida ingekauka kwa saa mbili. Yetu ilikuwa imeshiba, ikakataa hata tone moja, na maji yakasimama juu yake yakimetameta.

Mashabiki wa Modrzyn walikuwa wamejaa upande wao.

"Dobrawa, bwawa la kuogelea mmelifungua lini?"

"Maji ni baridi au tuingie hivihivi?"

Otylia alisimama juu ya mto wake wa kukalia. "Nyamazeni! Kwenu mnaogelea kwa ndoo!"

Mwamuzi alitoka na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Alifika kona ya pili, akakanyaga, akainua mguu. Mguu ulitoka, kiatu kilibaki. Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, na watu elfu kadhaa wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alijua hicho kiatu kinamaanisha nini.

Gracjan alikwenda, akapiga magoti, akakichimbua kiatu kwa mikono, akakifuta kwa ovaroli lake jeupe, akampa. Mwamuzi aliandika kwamba maji ya mvua hayafiki kina kile, kwamba wenyeji wameiharibu njia kwa mikono yao, na kwamba Modrzyn wameshinda bila kukimbia.

Klabu nyingine hupoteza mechi kwa sababu ya waendeshaji dhaifu au injini mbovu. Sisi tumeizamisha yetu kwa mpira wa bustani.

Jumanne, 14 Juni

Mtu ametundika chupi ya kuogelea kwenye lango la nyumba ya Gracjan.

Alhamisi, 16 Juni

Gracjan amekuja mazoezini ameifunga ile chupi kwenye usukani wa pikipiki, akazunguka nayo mizunguko minne mbele ya wote waliokuja kumzomea. Mwishowe waliokuwa wakizomea walipiga makofi. Sikupiga makofi, lakini sikuondoka.

Jumapili, 3 Julai

Tumeshindwa. Joto.

Jumapili, 10 Julai

Tumeshinda kwa pointi mbili. Norbert alianguka, akainuka, akachukua pikipiki ya mwenzake akashinda raundi iliyofuata. Mkono wake ulikuwa umechubuka kuanzia kiwiko hadi kiganja na majivu yamejaa ndani. Mama yake alimsafisha kwa brashi ya kucha huku akimpa habari za binamu zake. Hakulia. Alisema tu, "Mama, hiyo ni brashi ya viatu?"

Watu hawa wamenizunguka maisha yangu yote, nami nilidhani nawajua kwa sababu nilisahihisha madaftari yao.

Jumatano, 27 Julai

Nimeandika sura ya Wit. Ilinichukua juma zima. Nilifuta kila neno la sifa na kuacha matendo peke yake, na sura ikawa na sifa nyingi kuliko ilipokuwa na maneno.

Jumapili, 14 Agosti

Tumeshindwa nyumbani, kwenye njia nzito. Gracjan pointi kumi na moja, Norbert mbili. Baada ya mechi nilikuwa karakanani nikisubiri kumwuliza fundi jambo kuhusu injini za zamani, nikasikia waliyosemezana. Walijua nipo.

"Mzee, njia unalima wewe, njaa tunavuna sisi," alisema Norbert.

"Jifunze kupanda njia nzito. Mimi nilijifunza."

"Ulijifunza miaka kumi. Ligi inakwisha Oktoba!"

"Ukifikisha pointi zangu, utamwambia Alojzy akupigie njia pasi."

"Pointi, pointi! Tukishuka utazipeleka wapi? Utaziuza sokoni hapa, karibu na sufuria?"

Gracjan aliinua mkono. Nilidhani atampiga. Alichukua kitambaa kilichotundikwa ukutani juu ya kichwa cha kijana, akafuta kiatu chake cha chuma, akatoka.

Jumapili, 28 Agosti

Tumeshindwa. Mvua.

Jumapili, 11 Septemba

Sare ugenini. Njia yao ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa. Norbert hakushindwa hata mara moja.

Jumapili, 18 Septemba

Hesabu sasa imekuwa rahisi hata kwa wasiojua hesabu. Imebaki mechi moja, nyumbani, tarehe mbili Oktoba, dhidi ya Karsko. Tukishinda, tunabaki. Tukitoka sare au tukishindwa, tunashuka. Karsko ni watu wenye vifua vipana, wote wa njia nzito kama Gracjan.

Gracjan anahitaji pointi nane ili ampite Wit.

Jumatatu, 26 Septemba

Mvua tangu Alhamisi. Jioni mapema kengele ililia. Alikuwa Gracjan, amevaa shati safi na kuchana nywele, ameshika mkebe wa uyoga aliookota msituni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimemletea Bi Otylia."

Otylia aliutazama uyoga mmoja mmoja, akihofia sumu, kisha akamkaribisha chai. Gracjan alizunguka mada kama mtu anayetafuta kona, hatimaye akasema anataka kusoma alivyoandikwa kitabuni.

Nilisita. Sura ya mwisho nilikuwa nimeiandika mara mbili, moja kwa ajili ya kubaki na moja kwa ajili ya kushuka, kwa sababu mchapaji anataka karatasi mara tu msimu utakapokwisha. Mwanafunzi akiomba kuona karatasi yake, mwalimu humwonyesha. Nikampa zote mbili.

Ile ya kwanza aliipitia haraka. Ya pili aliisoma akifuata mstari kwa kidole, kama alivyosoma akiwa na miaka kumi na miwili, jambo ambalo wakati ule lilinikera. Kidole kikasimama. Niliyajua maneno yaliyokuwa chini yake: "Katika mwaka wake wa arobaini na tano, Iskra ilishuka daraja. Katika mwaka huohuo Gracjan Smolik alimpita Wit Czapla na kuwa mpandaji mwenye pointi nyingi kuliko wote katika historia ya klabu."

"Sentensi hizi mbili," alisema, "zimekaa vibaya pamoja."

"Hazina kosa."

"Najua hazina kosa, Mwalimu. Ndiyo maana."

Hakuondoa kidole. Chai ilipoa.

"Wit alipenda njia gani?" aliuliza mwishowe.

Nilianza kufungua karatasi zangu, lakini Otylia akanitangulia. "Wit alipanda yoyote uliyompa. Ila kama ungemwuliza, angesema nzito. Kama wewe."

"Basi angenielewa." Akasimama, akafunga kifungo cha shati. "Uyoga ule mkubwa uoshwe vizuri, Bi Otylia. Una mchanga."

Alhamisi, 29 Septemba

Gracjan alikwenda kwa Alojzy na kusema anataka njia ngumu Jumapili. Alojzy alidhani anadhihakiwa, akamwambia aende akalale. Gracjan akarudia mbele ya kocha na timu nzima. Norbert alitazama chini.

Tatizo ni kwamba mvua bado inanyesha, na njia yenyewe imekuwa nzito kwa amri ya Mungu.

Ijumaa, 30 Septemba

Mvua imekatika mchana. Upepo wa mashariki.

Jumamosi, 1 Oktoba

Alojzy alianza kushindilia kwa trekta asubuhi. Ilipofika saa nne trekta ilitoa moshi mweupe ikazimika, na hakuna aliyeweza kuiwasha. Bado robo tatu ya njia ilikuwa laini.

Gracjan aliingiza gari lake mwenyewe kupitia lango la karakana, akaanza kuzunguka polepole, magurudumu yakikanyaga mahali palipokuwa bado hapajashindiliwa. Fundi akafuata na gari la mkate la shemeji yake. Kisha mtu mmoja akapiga simu kwa mwingine, na mimi nimeona kwa macho yangu kile ambacho Otylia alinisimulia Mei: mji ukija. Yalikuja magari madogo ya familia yenye viti vya watoto, lori la kubebea makaa, teksi tatu, gari la padri. Walipanga mstari nje ya lango kama watu wanaosubiri ubatizo. Alojzy alisimama katikati ya uwanja na bendera ya njano akiwaongoza.

"Ndani zaidi, ndani! Wewe wa teksi, hii si barabara ya harusi, usipige honi!"

"Nimwachie padri apite?"

"Padri naye atazunguka kushoto kama sisi wote!"

Otylia alinitazama. "Kaka, mwaka ule ndoo ya mama ilikwenda. Gari letu je?"

Nina gari dogo kuukuu ambalo sijawahi kuliendesha nje ya lami. Nililiingiza. Tulizunguka, gari nyuma ya gari, mwendo wa kutembea, daima tukipinda kushoto. Kila tulipofika kona ya pili watu walizima injini na kuyasukuma magari. Hakuna aliyeagiza. Padri alivua koti akasukuma. Mimi nilisukuma upande wa mlango na Otylia akashika usukani huku akinilaumu kwamba nasukuma kama mtu anayefungua dirisha.

Jua lilipoelemea magharibi, Alojzy alipiga njia kwa kisigino na sauti ikajibu kavu. Gracjan naye alipiga. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekagua vizuri jeneza alilolichonga mwenyewe, na ameridhika na kazi.

Jumapili, 2 Oktoba

Uwanja ulijaa hadi juu ya miti. Mwamuzi alikuwa yuleyule. Alikanyaga kona ya pili kwa tahadhari, akainua mguu, na kiatu kikaja nao. Watu walishangilia kiatu.

Karsko walikasirika walipoiona njia, lakini kanuni haikatazi njia kuwa ngumu. Norbert alishinda raundi yake ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wenzake wakaokota hapa mbili, pale moja. Karsko nao hawakuwa wageni wa kazi hii, wakatufuata pointi kwa pointi.

Gracjan alikuwa wa mwisho katika raundi ya pili, wa mwisho katika ya sita, wa mwisho katika ya kumi. Tairi lake lilitafuta kitu cha kuuma, halikukipata. Mashabiki wageni, wasiojua, walimcheka.

"Babu, hiyo ni pikipiki au kitanda?"

Mwanamume mmoja wa kwetu, mbele yangu, naye akaanza kucheka. Otylia alimgonga bega kwa programu iliyokunjwa. "Wewe, jana ulikuwa wapi? Gari lako sikuliona."

Baada ya raundi kumi na nne ilikuwa arobaini na mbili kwa arobaini na mbili. Raundi ya mwisho kocha huchagua watu wake wawili. Norbert, bila shaka. Kocha akamwita kijana mwingine. Kutoka nilipokaa, juu ya karakana, nilimsikia Norbert vizuri.

"Namtaka mzee."

"Mzee ana sufuri tatu, Norbert!"

"Sihitaji pointi zake. Nahitaji anifungulie kona ya kwanza. Yeye hawamsukumi."

Kocha alimtazama Gracjan. Gracjan alitema ganda la alizeti. "Kijana ametaka."

Utepe ulifunguka. Wote wanne waliingia kona ya kwanza bega kwa bega. Gracjan hakujaribu kwenda mbele. Alikwenda kwa upana, taratibu, kama mlango mzito unaofunguliwa, akawabeba wale wawili wa Karsko kuelekea ubao wa nje, na ndani pakabaki uwazi ambao Norbert aliupitia bila kugusa mtu. Mmoja wa Karsko alijinasua akawa wa pili. Gracjan akawa wa tatu, na yule wa nne, kijana mwenye nguvu, akimwandama katika mizunguko yote mitatu na zaidi iliyobaki. Akija ndani, Gracjan yupo ndani. Akienda nje, Gracjan yupo nje. Magoti yaliyokataa yalikubali. Hakupunguza gesi hata pale ambapo mimi, niliyeketi, nilipunguza pumzi. Katika mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya pili, gurudumu la mbele la Karsko liligusa kiatu chake cha chuma, cheche zikaruka, lakini Gracjan akabaki mbele.

Tatu na moja. Arobaini na sita kwa arobaini na nne.

Sitaeleza kelele. Otylia alinikumbatia, tai yangu ikapinda, na sikuinyoosha.

Kwa desturi, mwenye pointi nyingi hubeba bendera ya klabu na kuzunguka uwanja. Norbert aliichukua, akaenda nayo moja kwa moja hadi kwa Gracjan.

"Beba wewe, mzee."

"Pointi moja haibebi bendera. Panda, watu wanasubiri."

Akachukua reki ya Alojzy, akaenda kusawazisha alama za magurudumu kwenye kona ya pili, mgongo wake ukitutazama.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepeleka sura ya mwisho kwa mchapaji. Jana nilimtafuta Gracjan na kumwambia kwamba naweza kuongeza maelezo chini ya jedwali, yatakayoeleza kwa nini siku ya mwisho alipata pointi moja.

"Usiongeze," alisema. "Andika moja. Walioona wameona."

Nimeandika moja.

Jumanne, 1 Novemba. Siku ya Watakatifu Wote.

Baridi, hakuna upepo, mishumaa inawaka vizuri. Makaburini njia zote zilikuwa zimejaa watu na maua ya krisanthemamu. Mimi na Otylia tulimaliza kwa wazazi wetu, tukapita kwa Wit.

Gracjan alikuwa hapo na Norbert. Wapandaji wana desturi ya kuleta majivu kutoka kona ya pili siku hii na kuyamwaga kuzunguka jiwe. Gracjan alikuwa ameyafunga kwenye kitambaa, kitambaa kilekile, nadhani, cha kufutia kiatu. Alivua kofia. Hakushusha sauti, hajui kufanya hivyo.

"Mzee Wit, pointi zako zote zipo. Sikuzigusa. Na uwanja upo."

Akamimina nusu, akampa Norbert amalizie. Norbert alimimina polepole. Kisha nikasogea na kunyoosha kiganja, na Gracjan, bila kuuliza, akanipa yaliyobaki kwenye pindo la kitambaa. Yalikuwa meusi, makavu na mepesi kuliko nilivyodhani. Nikayamwaga.

Nyumbani supu ilikuwa mezani.

"Kaka, kanawe. Mikono yako ni kama ya fundi wa treni."

"Baadaye," nilisema, nikachukua kijiko.